Sikuandika Uongo

Aliyempeleka Anselmo kwa Profesa Kolbitz ni Dativa, na alimpeleka kwa nia njema.

Dativa alikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Kila asubuhi alipanda hadi ghorofa ya saba ya jengo moja kule Hallonbergen, akamwosha mzee wa miaka tisini na mmoja, akampa vidonge, akamkorogea uji wa shayiri, akamketisha dirishani. Mzee mwenyewe alikuwa Mjerumani aliyehamia Stockholm mwaka tisini na moja. Mkewe, Mswidi, alikwisha kufa, na watoto hawakujaliwa. Tangu apate kiharusi kidogo siku za Krismasi, Kiswidi kilikuwa kinamtoka. Leo amesahau neno la kijiko, kesho neno la dirisha, hata ilipofika Machi hakubakiwa na kitu ila Kijerumani cha kwao, na Dativa hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji.

"Shemeji," alimwambia Anselmo baada ya ibada, wakiwa wamesimama na vikombe vya chai mikononi, "wewe si ulisoma Ujerumani? Nina mzee wangu ananiita siku nzima nisijue anataka nini. Njoo uniulizie tu."

Alimwita shemeji kwa sababu marehemu Adelina, mke wa Anselmo, ndiye aliyemwingiza kwenye kwaya wakati Dativa alipokuwa mgeni asiyejua hata kukata tiketi ya treni. Anselmo alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa amestaafu ufundi wa lifti mwaka uliopita, na tangu Adelina azikwe, siku zake kule Hagsätra, mwisho wa reli, zilikuwa hazipiti. Akakubali. Jumanne iliyofuata alipanda treni hadi katikati ya mji, akabadilisha, na saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Profesa.

Alichotaka mzee kilikuwa kidogo mno. Alitaka mto wa mgongo, na kiti kigeuzwe jua lisimpige machoni. Wiki mbili nzima alikuwa akiomba hayo. Anselmo alipofasiri, Dativa aliweka mkono kifuani. "Masikini, kumbe," akasema, akaenda kuleta mto. Profesa akamtazama Anselmo kwa muda.

"Kijerumani chako ni cha Leipzig," alisema.

"Nilikaa miaka saba, Profesa. Nilisomea mitambo ya uchapishaji."

"Miaka gani?"

"Themanini na mbili hadi themanini na tisa."

"Basi wewe ni wa kwetu," mzee akasema, na macho yakamlowa.

Anselmo hakulipenda neno lile. Hata hivyo alirudi Jumanne ya pili, na ya tatu, mpaka ikawa desturi. Dativa naye akapata nafuu. Anselmo akishaketi, yeye alimaliza kazi zake upesi, akavaa koti na kusema, "Nakimbia, shemeji, nisaidie kumwangalia," kisha akatoka. Anselmo hakumuuliza anakimbilia wapi. Alidhani ana mzee mwingine.

Wakibaki wawili, Profesa alisimulia. Ehrenfried Kolbitz alizaliwa katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe, na baba yake aliuawa vitani akaacha jozi moja ya buti. Dola mpya ya Ujerumani Mashariki ilipotangaza kwamba sasa watoto wa wachimbaji ndio watakaosoma, yeye alikwenda mjini na buti zile zile, akasoma falsafa, na kufikia miaka ishirini na saba alikuwa daktari wa falsafa. Chama ndicho kilichomvisha na kumlisha, naye alikipenda kama mtu anavyompenda mjomba aliyemlea, huku akimwogopa.

"Tasnifu yangu ilikuwa juu ya dhamiri," alisema. "Sura sita. Nilitaka kujua ile sauti inayomwambia mtu 'usifanye' inatoka wapi. Msimamizi wangu akaniita, akafunga mlango, akasema sura tatu za mwisho zinanuka kanisa. Sauti isiyotoka kwenye tabaka la mtu, Chama hakiitambui. Nikazikata. Nilijiambia nitaziandika upya nikishapata cheo cha kunikinga."

"Ukaziandika?"

"Aliziandika Semmler."

Lothar Semmler alikuwa rafiki yake. Miaka minane walitumia meza moja chuoni, Semmler kushoto, Kolbitz kulia, wakigawana mkate na sigara. Mwaka sitini na nane Semmler akakabidhi mswada wa kitabu kuhusu dhamiri, kimesema waziwazi yote ambayo Kolbitz aliyakata. Chuo kikatafuta mtu wa kukitathmini, na nani angekijua kuliko jirani wa meza?

"Kurasa kumi na moja," alisema Profesa. "Nilionyesha, sura kwa sura, kwamba kitabu kile kinamfundisha raia kuisikiliza dhamiri yake kabla ya kuisikiliza serikali. Na ndivyo kilivyofundisha. Sikuandika uongo hata mmoja."

"Semmler akawaje?"

"Alipelekwa kwenye ghala la maktaba kubandika namba migongoni mwa vitabu. Kisha kiwanda cha saruji. Mapafu yake hayakustahimili." Akavuta blanketi magotini. "Mimi nikapewa uprofesa wa maadili. Miaka ishirini na moja nimefundisha vijana maadili."

"Alijua kwamba ni wewe?"

"Aliujua mwandiko wa fikra zangu. Alinitumia kadi. 'Ehrenfried, aya ya tatu ya ukurasa wa nne ni nzuri kuliko yangu.' Basi, hakuongeza neno."

Baada ya Semmler kazi ikawa nyepesi. Watu wa usalama walipotaka kujua mhadhiri fulani ana mawazo gani, au mwanafunzi fulani anasoma nini, walimjia Profesa Kolbitz, naye akaandika, kwa lugha safi, na kila neno la kweli. Alipata nyumba yenye vyumba vinne. Alipata ruhusa ya kusafiri, na katika kongamano moja hapa Stockholm akakutana na Birgitta, aliyekuja kuwa mkewe. Dola ilipoanguka, ikaundwa tume ya kuwapima maprofesa. Waliiweka sahihi yake mezani wakamuuliza kama ni yake. Akasema ndiyo. Akafukuzwa akiwa na miaka hamsini na sita, na chuo kikafuta jina lake kwenye orodha ya masomo kabla hajamaliza kufunga vitabu vyake.

"Unaiona meza ile?" alimwonyesha Anselmo meza ya msonobari ukutani. "Miaka thelathini nimeketi pale nikizitafuta sura zangu tatu. Muda ninao, karatasi ninazo, mke akitembea kwa ncha za vidole asinisumbue. Hakuna aliyenikataza. Haikuja hata aya moja."

Siku hiyo Anselmo alipitiliza kituo cha kubadilishia treni.

Naye alikuwa na nusu ukurasa wake. Hakumwambia mtu yeyote, hata Adelina. Kule Leipzig aliishi chumba kimoja na Yassir, kijana wa Pangani, mcheshi, fundi kuliko wote darasani. Yassir alikuwa na mchumba Mjerumani, na usiku mmoja alisema wataitafuta njia ya kuvuka kwenda Magharibi. Wiki ile ile Anselmo akaitwa kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mama mmoja mpole, amevaa sweta ya kijani, alimpa kahawa na karatasi. Hakumtisha. Alisema tu, "Andika kile unachokijua kwamba ni kweli." Anselmo alifikiria ufadhili wake, akamfikiria mama yake Karagwe aliyekwishatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe anarudi mhandisi. Akaandika. Siku ya nne Yassir akapandishwa ndege bila cheti, umebaki mwaka mmoja amalize. Huko nyumbani aliishia kutengeneza baiskeli. Hakujua kamwe. Alimwandikia Anselmo kila mwaka, akimuuliza hali na kumtania, mpaka alipofariki mwaka elfu mbili na tisa.

Mwezi Juni, meneja wa kampuni iliyomwajiri Dativa alimpigia Anselmo simu. Aliitwa Annika Lindroos, mama wa makamo, sauti yake ya utulivu. Alimwomba afike ofisini. Profesa alikuwa amempa mhudumu mwingine wa zamu daftari, akiligongagonga jalada na kurudia neno pekee la Kiswidi lililomrudia: bosi, bosi. Limeandikwa Kijerumani, ofisi haina anayekijua. Je, Anselmo angeweza kulitafsiri na kutia sahihi?

Alilifungua akiwa nyumbani, mezani pa jikoni, na mstari wa kwanza tu ukamtosha.

"Tarehe sita Mei. Mhudumu D. ameingia saa mbili na dakika nne. Amezungumza kwa simu kwa lugha ya kwao dakika tisa. Ameimba. Amevunja kikombe, amekiri."

Kurasa arobaini za namna hiyo, mwandiko umetetemeka lakini mistari imenyooka. Hakukuwa na tusi wala lawama. Na kila Jumanne, mara tano: "D. ameondoka saa nne kasoro dakika ishirini, badala ya saa nne na dakika tano. Kwenye simu ya kazi, inayoandika saa zake za kuingia na kutoka, hubonyeza muda kamili. Mkalimani A. yupo, hasemi kitu." Pembeni, kwa herufi ndogo zaidi, aliongeza: "A. ni mtu mwenye huzuni. Anaweza kutumika."

Anselmo alikaa mbele ya maneno yale mpaka chai yake ikawa baridi. Sasa alielewa kwamba Dativa hakuwa akikimbilia kwa mzee mwingine.

Jumanne alikwenda, na Dativa alipotoka na koti lake, akaliweka daftari magotini mwa Profesa. "Kwa nini umemfanyia hivi?"

Mzee alionekana kushangaa kweli. "Dativa? Sijampenda mtu kama yeye tangu Birgitta aondoke."

"Umemwandika."

"Ningemwacha vipi? Ukiwaandika wabaya peke yao, hiyo ni chuki. Ukiandika kila mtu, huo ni utaratibu." Alilipapasa jalada. "Umekuta uongo humo?"

"Sikukuta."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Profesa."

"Basi," akasema, akafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Anselmo alitafsiri kwa siku tatu. Kikombe alikiacha humo, nyimbo aliziacha, simu aliziacha. Zile Jumanne tano aliziondoa, na mistari iliyokaribiana nazo akaiunga kwa uangalifu isionekane pengo. Aliweka sahihi. Alipoipeleka tafsiri posta, miguu yake ilikuwa myepesi kwa namna ambayo hakuijua tangu ujana. Hakumwambia Dativa kitu. Alijisemea, ya nini kumtia mtu hofu kwa jambo lililokwisha?

Baada ya siku kumi wakaitwa wote wawili. Dativa alikuwa amefika kabla yake, ameketi wima ndani ya sare yake, mkoba mapajani, hajui ameitiwa nini. Annika Lindroos aliweka mezani makaratasi mafungu mawili.

"Hili ni lako," alimwambia Anselmo. "Na hili nililipata kwenye kompyuta siku ile ile niliyopokea daftari. Siku hizi mashine zinatafsiri. Lakini kwa jalada rasmi ninahitaji binadamu mwenye sahihi, ndiyo maana nikakuita." Akavuta pumzi. "Mashine imenipa Jumanne tano. Wewe hukunipa hata moja."

Dativa aligeuza uso kumtazama Anselmo, kisha akayatazama makaratasi, kisha akamtazama tena.

"Jumanne zipi?" aliuliza kwa Kiswahili.

Meneja alieleza. Dativa hakukana. Alisema ni kweli, alitoka mapema, kwa sababu binti yake ni mgonjwa. Sauti ilimpungua hapo, na Kiswidi chake, ambacho kila siku kilimtosha, hakikumfikisha mbali zaidi.

"Dakika zile ningezitolea onyo," alisema Annika Lindroos, naye hakuwa anafurahi. "Wazazi wana matatizo, ninajua. Lakini sasa nina hati iliyopunguzwa, na aliyeipunguza ni rafiki yako, na ndiye aliyekuwa chumbani kila ulipoondoka. Ofisi kuu itasema mlipanga. Mimi mwenyewe sijui niseme nini."

"Hakujua chochote," alisema Anselmo. "Ni mimi peke yangu."

"Umeshaniandikia mara moja kitu kisicho kweli," akajibu yule mama. "Nitajuaje sasa?"

Dativa aliachishwa kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye barua iliandikwa kwamba uaminifu umevunjika, na barua ya namna hiyo, kwa kazi ya kuingia nyumba za watu, humtangulia mtu kila aendako. Kanisani hakuonekana tena. Simu haikupokelewa. Jumapili ya tatu Anselmo akapanda ile treni ndogo ya kwenda Fisksätra, akauliza mlango mpaka akaupata.

Aliyefungua ni Anitha, binti wa miaka kumi na sita, mwembamba, amejifunika kofia ya sweta ndani ya nyumba. Anselmo alimsalimu kwa Kiswahili. Msichana akajibu kwa Kiswidi, hakumtazama, kwamba mama amelala. Lakini Dativa alikuwa ameshatokea nyuma yake. Alitoka nje, akaurudisha mlango, wakasimama kwenye ngazi.

"Tangu Februari hatoki chumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Shule ameacha. Alipatiwa mtaalamu wa kuzungumza naye, nafasi ikawa Jumanne saa sita. Kutoka Hallonbergen hadi hapa, nimwamshe, nimbembeleze avae, nimfikishe. Dakika zile zilikuwa ndizo hizo." Akafuta uso kwa kiganja. "Sasa hata kwa mtaalamu hataki. Anasema nimefukuzwa kwa ajili yake."

"Dativa, mimi nilitaka kukukinga."

"Najua ulichotaka, shemeji. Ninachokuuliza ni kimoja. Ulipolikuta jina langu ndani ya kile kitabu, kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

Anselmo alishika chuma cha ngazi.

"Ningekwenda mwenyewe," alisema Dativa. "Ningemwambia yule mama, mwanangu ni mgonjwa, naomba Jumanne nitoke mapema. Umemsikia, angenielewa. Siku tatu ulikuwa nacho mezani kwako. Yule mzee ameniandika bila mimi kujua, na wewe ukaniandika upya bila mimi kujua. Mimi nilikuwa wapi?"

Hakupandisha sauti wala kulia. Alimwambia, "Nenda salama," kama mtu anavyomwambia aliyekosea nyumba, akaingia ndani.

Kwenye treni ya kurudi Anselmo alijaribu kujitetea moyoni, na kila utetezi ulimalizikia pale pale. Mara ya kwanza aliandika ukweli, akamwangamiza mtu. Mara ya pili aliandika uongo, akamwangamiza mwingine. Mara zote mbili mwenyewe alikuwa karibu naye, umbali wa kitanda kwa kitanda, umbali wa kupiga simu, na hakumfungulia kinywa. Alidhani kwa miaka yote hiyo kwamba dhambi yake ilikuwa ile nusu ukurasa. Kumbe ilikuwa ni desturi, na ameizeekea.

Agosti Profesa alihamishiwa nyumba ya wazee. Hakuna huko aliyejua Kijerumani. Muuguzi alimpigia Anselmo, akasema mzee hana ndugu, jina pekee lililo kwenye jalada ni la mkalimani. Angeweza kuja mara moja moja? Anselmo alikusudia kukataa. Akaenda.

Alimkuta kitandani, amepungua, mikono juu ya shuka. Mle chumbani hakukuwa na meza wala vitabu. Mzee alimtambua, au alitambua lugha. Anselmo aliketi, akajikuta anasimulia habari za Yassir, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa Kijerumani kile kile alichokitumia kuandika. Alisema yote, chumba, mchumba, sweta ya kijani, kahawa, ndege, zile baiskeli, zile barua za kila mwaka. Alipofika mwisho alikuwa amemwinamia mzee, akisubiri. Hakuwa akitaka msamaha. Nani hapo angeutoa? Alitaka tu mtu mmoja, aliyesoma neno dhamiri maisha yake yote, amwambie ni kitu gani hiki kinachomtafuna.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Macho yalikuwa maangavu.

"Ulitia tarehe?" aliuliza.

"Nilitia."

"Vizuri," alisema Profesa Kolbitz, akageukia ukutani alale.

Anselmo alibaki pale mpaka muuguzi alipoingia na sinia la chakula. Alimsaidia kumwinua mzee, akashika kijiko, akamlisha, kwa kuwa mikono ya mzee haikuwa na nguvu tena na hakukuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Jumanne iliyofuata alikuja tena. Hakumsimulia kitu, na mzee hakuuliza.